Vichwa vya Jumamosi

Wiki nzima nilishona mifuko ya suruali. Si suruali yenyewe, mifuko tu, tena ule wa nyuma upande wa kulia, katika kiwanda kimoja cha nguo kule Athi River ambako hata kwenda chooni uliomba ruhusa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Ukambani na sanduku moja na godoro moja, nimepanga chumba cha mabati Kitengela, na mji mzima sikuwa na shangazi wala binamu wa kunipa hata chumvi. Lakini Jumamosi saa nane mchana nilikuwa malkia. Nasema malkia na silipunguzi neno hilo.

Ufalme wangu ulikuwa klabu ya Biblia ya watoto. Kanisa letu lilikuwa la mabati, limesimama pale nyumba zilipoishia na mbuga ikaanza, na miaka hiyo ya mwisho ya tisini haikuwa ajabu nyumbu kupita nyuma ya choo cha kanisa wakati wa sala ya kufunga. Watoto walikuja kutoka pande mbili. Wa mjini walikuwa Wakamba na Wakikuyu, wazazi wao watu wa viwandani, wa saruji na wa vibanda, nao walifika wamepakwa mafuta usoni hadi wanang'aa. Wa mbugani walikuwa Wamaasai, wengine wametembea tangu asubuhi, shuka zimejaa vumbi, na kila mara mmoja wao alikuwa amefuatwa na mbuzi. Ukiwachanganya wote ndani ya mabati yenye joto, ukaongeza jagi la uji, unapata kelele ambayo mpaka leo naisikia nikifumba macho, na nacheka peke yangu.

Sikufundisha peke yangu. Nilisaidiana na mama mmoja mwenye kibanda cha mboga karibu na stendi, mwanamke mnene mwenye mdomo mpana na moyo mpana zaidi, ambaye aliamini kwamba Mungu alimuumba ili acheke na awauzie watu sukuma wiki. Yeye alipika uji na kunyamazisha watoto kwa mwiko. Mimi nilisimulia.

Na kusimulia kwenyewe kulikuwa vita. Nikisimulia Yona, watoto wa mbugani wanauliza kwa nini Mungu alijisumbua kutafuta samaki, na simba wapo. Nikisimulia mwana mpotevu, wanataka kwanza kujua baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi, ili waweze kupima upumbavu wa kijana. Siku ya Nuhu ndiyo ilinimaliza. Nilieleza vizuri sana, wawili wawili, huku nimebandika picha kwenye blanketi kuukuu lililoning'inia ukutani, twiga na tembo na wengine wote. Ghafla kijana mmoja wa miaka saba hivi akaangua kilio. Nikadhani ameumwa na siafu.

"Tichaa," akasema kwa kwikwi, "ng'ombe wawili tu? Na wale wengine?"

Nilijaribu kuendelea na upinde wa mvua lakini wapi. Kilio kilishika safu nzima, wakalilia ng'ombe wa dunia ile ya zamani utadhani walifia kwa jirani. Jumamosi hiyo ilifungwa na matanga. Usiku nilifungua Biblia nikasoma tena, na ndipo nikaona kwamba wanyama walio safi waliingizwa saba saba. Jumamosi iliyofuata nilikimbia mpaka njia ya mbugani kumlaki yule kijana, na nilipompa habari hiyo alipiga hesabu kwa vidole, kisha akasema, "Sawa. Na saba wanaweza kuzaa haraka." Akaingia kanisani akiruka.

Lakini jambo la kwanza kabisa kila Jumamosi, kabla ya wimbo na kabla ya uji, lilikuwa vichwa.

Mtoto wa Kimaasai hampi mkubwa mkono. Humletea kichwa. Anakuja mbele yako, anainama, anakuonyesha utosi wake uliojaa vumbi, na wewe unaweka kiganja hapo na kumwambia, "Supa," naye anajibu, "Ipa!" Akiwa msichana unamwambia, "Takwenya," naye anajibu, "Iko!" Hapo ndipo ameachiliwa, anaweza kwenda kuharibu dunia. Usipomwambia neno lake, anabaki ameinama. Mimi nilijifunza hivyo kwa aibu, siku ya kwanza, nilipomgusa mmoja kichwa nikadhani tumemaliza, nikageuka kutafuta chaki, na niliporudi nikamkuta palepale, shingo imekunjwa, ananingoja kwa subira.

Tangu hapo nilisimama mlangoni kila wiki na kugusa utosi baada ya utosi, supa, ipa, takwenya, iko, mpaka kiganja changu kikawa chekundu kwa vumbi. Watoto wa mjini hawakukubali kupitwa na raha hiyo. Ndani ya miezi michache nao wakawa wananiletea vichwa, vyao vikiwa na mafuta, kwa hiyo kiganja kilichokuwa na vumbi sasa kikawa na matope. Kijana wa yule mama wa mboga alikwenda likizo kwa nyanya yake huko Murang'a, akamwinamia kwa heshima zote. Nyanya akamshika, akamkalisha kwenye jua, akampekua chawa mpaka jioni.

Basi mambo yalikuwa hivyo, matamu, mpaka kwaya ikanunua kinanda.

Kilikuwa kinanda cha umeme, cheusi, chenye vitufe vya kila aina, na kiongozi wa kwaya alikipenda jinsi mtu anavyompenda mtoto wa kwanza. Alikuwa fundi umeme, kijana nadhifu ambaye viatu vyake havikushika vumbi hata Kitengela, na hilo peke yake lilinifanya nimshuku. Alikifunika kwa kitambaa cha kushonwa kwa uzi na kukiacha mbele kanisani. Sisi tulikuwa na watoto, na watoto wana vidole. Sitaeleza mengi. Itoshe kusema kwamba uji uliingia ndani, na tangu siku hiyo noti moja ya katikati ilipoguswa ilitoa sauti kama ya mtu anayepiga chafya.

Akaenda kwa kamati ya kanisa. Hakudai tukilipe, alidai Jumamosi. Alisema kwaya inahitaji ukumbi Jumamosi mchana kwa mazoezi, na kwamba hiyo klabu ni ya kuchezea tu, haina matunda.

"Matunda gani?" nikauliza, nimeshika kiuno.

"Ni wangapi wameokoka?" akasema. "Dada, tuambie tu. Klabu za Rongai kila wiki watoto wanaokoka. Hapa kwenu nasikia tu habari ya ng'ombe."

Hapo alinipata, kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi sikupenda kuwatisha watoto kwa moto wa jehanamu ili wainue mikono. Mtoto wa miaka sita ukimwuliza nani anataka kuokoka halafu apate peremende, ataokoka kila Jumamosi mpaka meno yaishe. Nilisema hivyo mbele ya kamati, tena kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika. Mzee mmoja alicheka, wengine wakatazama sakafu. Pasta wetu, mtu mpole asiyependa ugomvi hata wa kuku, akasema askofu wa jimbo atatutembelea hivi karibuni, basi na aje aione klabu kwa macho yake, aamue yeye. Akiona matunda, Jumamosi ni ya watoto. Asipoona, ni ya kwaya.

Nilirudi chumbani kwangu nikalia kwa hasira. Ibada ya watoto ya Jumapili ilikuwa ya nusu saa, na watoto wa mbugani hawakuja Jumapili, ndiyo siku ya kunywesha ng'ombe pamoja na baba zao. Bila Jumamosi nisingewaona tena. Ningebaki na mfuko wa nyuma upande wa kulia, basi.

Askofu alikuwa amehamishiwa Kajiado mjini majuzi tu kutoka pande za ziwani, ambako watu husalimiana kwa mkono, tena kwa nguvu mpaka bega linacheza. Alikuja Jumamosi yetu amevaa suti ya kahawia, mtu mrefu wa makamo mwenye sauti ya kutingisha mabati. Kamati ikampitisha mlango wa pembeni, ule wa pasta, moja kwa moja mpaka kiti cha mbele. Kwa hiyo hakupita kwangu mlangoni, na watoto hawakupata nafasi ya kumsalimia. Lishike hilo.

Tulianza vibaya. Aya ya kukariri ilisahauliwa katikati, na aliyeisahau akaimalizia kwa maneno ya kwake mwenyewe yaliyohusu mvua. Mbuzi mmoja akaingia, akatolewa, akaingia tena. Kiongozi wa kwaya alikaa kwenye kinanda chake, mikono imekunjwa, akitabasamu kama mtu anayesikia sufuria ya jirani ikiungua. Mama wa mboga alininong'oneza, "Sista, leo tunazikwa."

Kisha askofu akasimama. Akahubiri kwa ufupi jinsi Yesu alivyowapenda watoto, na lazima niseme alihubiri vizuri, watoto walimtazama midomo wazi. Mwishoni akashuka kwenye jukwaa, akanyoosha mikono yote miwili, viganja vikitazama chini, akasema kwa upole, "Watoto, njooni. Njooni mbele."

Ewe! Mgeni mkubwa, hawajamsalimia, na sasa amewanyooshea viganja mwenyewe. Waliondoka kwenye mabenchi kama kundi lililoona maji. Wa mbugani mbele, wa mjini nyuma, wakajipanga mstari mpaka mlangoni, na mmoja baada ya mwingine wakainamisha vichwa.

Askofu akarudi nyuma hatua moja. Aliangalia ule mstari wa vichwa, na uso wake ukabadilika. Akaweka mkono juu ya utosi wa kwanza, akafumba macho, akaanza kuomba.

Aliomba kwa nguvu. Alimkemea shetani, akakabidhi maisha ya mtoto kwa Bwana, akasema amina. Mtoto hakuondoka. Angeondokaje, hajaambiwa supa? Askofu akafungua jicho moja, akaona bado ameinama, akaomba tena kwa nguvu zaidi. Akahamia wa pili. Naye hakuondoka. Wa tatu, hivyo hivyo. Kila aliyeombewa alibaki amekunja shingo, amesimama imara, anangoja. Kamati ikaanza kusema amina, amina, tena kwa mshangao. Na hapo, Mungu ni mcheshi, kiongozi wa kwaya, kwa mazoea ya siku zote watu wanapoitwa mbele, akajikuta anapiga kinanda polepole, sauti nyororo ya toba, na kila alipofika kwenye ile noti ya katikati kinanda kikapiga chafya.

Nilikuwa nimeuma leso. Machozi yananitoka, tumbo linaniuma kwa kicheko nilichokizuia. Karibu watu wote wa Kitengela pale ndani walijua kinachoendelea. Pasta alijua, maana alikuwa ameinua macho akihesabu misumari ya paa. Lakini hakuna aliyefungua mdomo.

"Nyamaza kabisa," mama wa mboga akaninong'oneza, mabega yake yakitetemeka. "Mungu ametuletea matunda mpaka mlangoni. Wewe usiyarudishe sokoni."

Na ningenyamaza. Naapa ningenyamaza, maana askofu sasa alikuwa analia waziwazi, mashavu yote mawili, na kila chozi lilikuwa Jumamosi nyingine kwangu. Kisha nikamwona msichana mmoja, wa nne kwenye mstari. Alikuwa mdogo, hata mwaka wa nane sidhani alikuwa amefikisha, na mgongoni alikuwa amembeba ndugu yake mchanga kwa shuka. Ameinama. Mtoto anamvuta masikio. Jasho linamtoka puani linadondoka sakafuni, magoti yanatetemeka, na haondoki, kwa sababu ana adabu. Kicheko kikanitoka mwilini chote.

Askofu akanigeukia, mikono juu. "Mwalimu! Umeona? Hawataki kuondoka! Roho amewashika! Hebu niambie mbele ya kanisa, hawa wote wameokoka leo?"

Mama wa mboga alinifinya kiunoni mpaka nikaruka.

"Hapana, Baba Askofu," nikasema. "Wanakusalimia."

Kinanda kikanyamaza.

"Wananifanya nini?"

"Wanakusalimia. Umewagusa kichwa lakini hujawaambia neno lao. Hawawezi kuenda mpaka useme. Na huyo wa nne ako na mtoto mgongoni, Baba, anaumia."

Kiongozi wa kwaya akainuka. "Si nilisema? Pasta, si nilisema? Hakuna hata mmoja!"

Askofu alikuwa ametoa kitambaa, lakini hakujifuta. Alivitazama vile vichwa vyote, na nikajua nimeimaliza klabu kwa mdomo wangu mwenyewe, jinsi mama yangu alivyonitabiria kila siku kwamba mdomo huu utanimaliza. Kisha akamwendea yule msichana. Akapiga goti moja la suti ya kahawia kwenye vumbi ili afikie, akaweka mkono utosini.

"Niseme nini?" akaniuliza.

Kabla sijajibu watoto wakajibu, wote, bado wameinama, wakiongea na viatu vyao: "Takwenya! Huyo ni msichana! Wavulana ni supa!"

"Takwenya," akasema askofu.

"Iko!" Alilitoa neno kama risasi, akanyooka, akageuka na kukimbia nje na mdogo wake akipiga makofi mgongoni.

"Supa," akamwambia wa kwanza. "Ipa!" Huyo, kaenda. "Supa." "Ipa!" Supa, ipa, takwenya, iko, sauti ikapanda, mabati yakaitikia, na askofu akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu kwa sauti ile kubwa ya ziwani. Alipomkosea msichana kwa supa walimrekebisha kwa kelele. Walioachiliwa walizunguka nje, wakaingia mlango wa pasta, wakajiunga na mstari upya, na yeye hakugundua au alijifanya hakugundua. Mzee mmoja wa kamati, wa Kikuyu, mwenye mashamba kuelekea Isinya na hasira mbaya, alivutwa na mjukuu wake mpaka mwanzo wa mstari, akasimama karibu na askofu akigusa vichwa upande wa pili, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi.

Ilipotulia kidogo, kiongozi wa kwaya akakohoa. "Baba Askofu, na ile maneno ya ukumbi?"

Askofu akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, anahema. Hakuwa anacheka tena.

"Tangu nije Kajiado," akasema, "watoto wananiinamia barabarani. Kila siku, nikienda posta, nikienda sokoni. Nilidhani wananiogopa. Nilikuwa naharakisha nipite, nisiwasumbue." Akavitazama viganja vyake, vyekundu kama vyangu. "Sasa hao wote nimewaacha wameinama."

Akamgeukia kiongozi wa kwaya. "Ndugu, kwaya yako inaimba kwa sauti?"

"Ndiyo, Baba. Sana."

"Basi hata mkifanyia mazoezi chini ya mti mtasikika. Jumamosi ni ya watoto."

Mama wa mboga alipiga kigelegele kilichomfukuza mbuzi kwa mara ya mwisho. Mimi sikuweza hata kusema asante. Nilikuwa nimeanza kukusanya vikombe vya uji, ili mikono ipate kazi, ndipo watoto walipoanza: "Tichaa bado! Tichaa hajasalimiwa! Tichaa bado!" Wakanisukuma kutoka nyuma, mikono midogo kila upande, mpaka nikafika mbele ya jukwaa na vikombe vyangu kifuani.

Ningeweza kumpa mkono. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, nina kazi Athi River. Lakini walikuwa wananitazama wote, na wao walikuwa wameniletea vichwa vyao mwaka mzima bila kuniuliza mimi ni nani wala nimetoka wapi. Nikainama.

Mkono ulikuwa mzito na wa moto. Katika mji ule hakuna mtu mkubwa aliyekuwa amenigusa kichwa, hata mara moja, tangu nishuke na sanduku langu. Kwetu mama ndiye aliyenisuka, na mama alikuwa mbali. Sikujua kwamba jambo hilo lilikuwa limeniuma hivyo.

"Takwenya," akasema askofu, taratibu, kwa lafudhi mbaya sana.

Nikafungua mdomo wangu, huu mkubwa, na kwa mara ya kwanza haukutoa kitu. Watoto wakangoja. Nilibaki nimeinama, natazama viatu vyangu vikilowa, mpaka mmoja wao akadhani sijui jibu, akanisogelea sikioni kwa huruma akaninong'oneza, "Sema iko, Tichaa. Ukisema, utaenda."